Soksi ya Seche na Ziara ya Tarumbeta na Zeze

Sogea hapa. Kaa vizuri, nikupe habari za Seche.

Jina lake kamili ni Sechelela. Refu, eh? Basi sisi tumwite Seche.

Seche anakaa Manyoni, karibu na reli. Anakaa na mama yake kwenye nyumba ndefu ya kupanga. Nyumba hiyo ina korido moja, na milango huku na huku. Mlango wa mwisho kabisa, pale korido inapoishia, ni wa Seche.

Siku moja Seche alipanda mpera. Alitaka pera la juu. Lile la juu kabisa! Akateleza. Puuu!

Sasa mguu wake wa kulia umefungwa hogo. Hogo ni bandeji ngumu, nyeupe, nzito. Daktari alisema, "Shuleni usiende kwanza. Ukae kitandani, utulie."

Kukaa, Seche anakaa. Kutulia ndiyo kazi!

Mguu wa kushoto una soksi. Mguu wa kulia una hogo. Soksi ya kulia haina kazi. Imening'inia kwenye msumari, peke yake.

Asubuhi Mama anafunga kilemba. Anauza vitenge sokoni. "Uji uko kwenye chupa, mwanangu. Nitarudi jioni."

Mlango, kwii. Miguu ya Mama, pa, pa, pa. Halafu kimya.

Mchana Mama Pili anamletea chakula. Mama Pili ni jirani, ana mtoto mchanga mgongoni. Anaingia kwa kunyata. Anaweka sahani. Anatoka kwa kunyata.

"Mama Pili..." Seche anaanza.

"Sshh! Mgonjwa apumzike," anasema Mama Pili. Huyoo, ameshaondoka.

Jioni majirani wanarudi. Wanamkuta Mama kwenye korido. "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Hajambo kidogo, tunashukuru," anajibu Mama.

Wanamwuliza Mama. Seche hawamwulizi! Wakifika karibu na mlango wake, wananyata. Nya, nya, nya. Wanapita.

Seche anatega sikio. Anasubiri neno moja tu. Anasubiri "Hodi."

Hodi haiji.

Lakini kuna saa moja nzuri. Ni saa kumi, jua likianza kupoa.

Ukuta wa kulia ni wa Anko Shomvi. Anko Shomvi ni mnene, na akicheka, mabati yanacheka naye. Anapiga tarumbeta kwenye harusi, amesimama nyuma ya gari. Saa kumi anafanya mazoezi.

Paaa-parapaaa!

Ukuta wa kushoto ni wa Babu Chilongani. Babu ni mwembamba, na anaongea polepole. Ana zeze la kibuyu na nyuzi mbili. Analifunga kwenye shuka lake, lisipate vumbi.

Zii-zizi-zii.

Anko akipiga, Babu ananyamaza. Babu akipiga, Anko ananyamaza. Pamoja? Hata siku moja!

"Wamenuniana," anawaza Seche.

Paaa upande huu.
Zii upande huu.
Seche katikati, peke yake.

Siku moja Seche alichoka kuangalia mabati. Alichoka kuangalia ukuta. Hata soksi yake alichoka kuiangalia.

"Basi leo ni safari," akasema.

Akaangalia hogo. Mh! Huu mguu hauendi popote.

"Mimi nitabaki," akasema. "Watasafiri Anko na Babu. Watafanya ziara ya muziki!"

Blanketi likawa nchi. Goti lake likawa mlima. Kandambili ikawa gari.

Kizibo kinene cha chupa kikawa Anko Shomvi. Kijiti chembamba cha ufagio kikawa Babu Chilongani.

"Mabibi na mabwana!" Seche akatangaza. "Ziara kubwa! Tarumbeta na zeze! Itigi, Tabora, Uvinza, mpaka Kigoma, mwisho wa reli!"

Brrrm! Wakafika Itigi. Kizibo kikapiga, Paaa-parapaaa! Watu wote wakaziba masikio. "Na zeze je? Mbona hatulisikii?"

Brrrm! Wakafika Tabora. Kijiti kikapiga, Zii-zizi-zii. Watu wa nyuma wakapiga kelele. "Sauti! Sauti!"

Brrrm! Wakafika Uvinza. Loo, kufika tu wakanuniana! Kizibo kikageukia huku. Kijiti kikageukia kule.

Na Kigoma? Kigoma hawakufika. Gari lilikwama juu ya goti.

Huko Kigoma alikuwepo mtu mmoja. Alikuwa amekaa, anawasubiri. Alisubiri, akasubiri.

"Pole, wewe wa Kigoma," Seche akasema taratibu. Machozi yakamtoka. Mtu wa Kigoma alikuwa yeye mwenyewe.

Paaa upande huu.
Zii upande huu.
Seche katikati, peke yake.

Akatafuta kitu cha kufutia machozi. Akaivuta ile soksi kwenye msumari. Akajifuta. Akaiangalia.

Halafu akakunja gazeti, likawa kama faneli. Akaweka mdomo. "PAAA!"

Akaingiza soksi kwenye faneli. Akaweka mdomo tena. "Mpaa."

"Weee!" akasema Seche. Akaichomoa soksi, akaishika mkononi. Akachukua gongo lake la kutembelea, akashuka kitandani.

Ko! Buruu. Ko! Buruu. Gongo, kisha hogo. Gongo, kisha hogo.

Akafika kwa Babu Chilongani. "Hodi!"

"Karibu... Ee! Mjukuu wangu! Na mguu huo?"

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Kaa hapa, kaa!"

Seche hakukaa. "Babu, kwa nini mmenuniana na Anko?"

"Tumenuniana? Nani kasema?"

"Mbona hampigi pamoja?"

"Aaa!" Babu akatabasamu. "Nampisha. Yeye ni mtu wa harusi kubwa kubwa. Kizeze changu hiki kitamkera tu."

Ko! Buruu. Ko! Buruu. Seche akaenda kwa Anko Shomvi. "Hodi!" Babu akamfuata nyuma, asije akaanguka.

"Karibu! Seche? Umetoka kitandani?"

"Shikamoo, Anko. Kwa nini umemnunia Babu?"

"Mimi? Nimnunie Babu?" Anko akashika kifua. "Jamani! Nampisha. Tarumbeta hili likilia, zeze lake litamezwa zima zima."

Seche akawaangalia. Huyu anampisha yule. Yule anampisha huyu!

"Na mimi?" akauliza. "Mbona kwangu hamji?"

"Tunakupisha," akasema Anko. "Mgonjwa apumzike."

"Nimepumzika!" Seche akapaza sauti. "Nimepumzika mpaka nimechoka!"

Kidevu kikaanza kumtetemeka. "Kila siku mnapishana, mnapishana. Na mimi nakaa peke yangu. Hakuna anayepiga hodi. Hakuna hata mmoja."

Anko akajikuna kichwa. Babu akaangalia vidole vyake vya miguu.

"Tumekosa, mjukuu wangu," akasema Babu. "Tumekosa sana."

Seche akavuta kamasi. Akanyoosha mkono. "Shika, Anko. Tia kwenye mdomo mpana wa tarumbeta."

"Soksi?"

"Ni safi! Haijavaliwa siku nyingi." Akafikiri kidogo. "Ina machozi tu."

Anko hakucheka. Akaichukua soksi kwa mikono miwili. Akaitia. Akavuta pumzi.

Mpaa-mparampaa.

Ilikuwa sauti laini. Ilikuwa sauti ya tarumbeta lililotoka kuamka.

Babu akainua macho. Akafungua shuka, akatoa zeze. Akasogea karibu.

Mpaa-mparampaa. Zii-zizi-zii. Pamoja!

"Sasa ziara," akasema Seche. "Mlango mkubwa ni Manyoni. Mlango wa jirani yetu fundi viatu ni Itigi. Mama Pili ni Tabora. Jikoni ni Uvinza, kwa sababu kote kuna chumvi."

"Na Kigoma?" akauliza Anko.

"Kigoma ni kwangu. Mwisho wa reli."

"Basi Kigoma rudini kitandani," akasema Babu. "Daktari kasema. Mtusubiri."

Seche akawaangalia usoni. "Mtafika kweli?"

"Tutafika," akasema Anko Shomvi.

Ko! Buruu. Ko! Buruu. Seche akarudi. Akapanda kitandani. Akatega sikio.

Mbali, kule mwanzo wa korido, akasikia. "Hodi, Itigi!"

"Karibuni! Eti Itigi?" Huyo alikuwa fundi viatu. Akacheka. Akapiga nyundo yake, ko-ko-ko.

Mpaa. Zii. Ko-ko-ko.

"Hodi, Tabora!"

"Karibuni! Jamani, kuna nini leo?" Huyo alikuwa Mama Pili. Mtoto wake akasema, "Ba! Ba! Ba!"

"Hodi, Uvinza!" Jikoni hakukuwa na mtu. Fundi viatu, aliyekuwa amewafuata, akajibu kwa kugonga sufuria, teng'e!

Mpaa. Zii. Ko-ko. Ba! Teng'e!

Sauti zikasogea. Zikasogea tena. Miguu mingi, pa, pa, pa, pa.

Halafu kimya.

Seche akashika blanketi. Je, wamenyata? Wamepita tena?

Akasubiri.

"Hodi?" ikaja sauti ya Babu, taratibu. "Hodi, Kigoma?"

Hodi imekuja!

Seche alikuwa amelisubiri neno hilo siku nyingi sana. Sasa lilipokuja, akaketi wima kitandani.

"Karibuni!" akaita. "Karibuni! Karibuni ndani!"

Wakavua viatu, wakaingia wote. Anko akakaa kwenye ndoo. Babu akakaa ukingoni mwa kitanda. Mama Pili akamweka mtoto pale pale, karibu na hogo.

"Mgonjwa, unaendeleaje?" akauliza Mama Pili. Safari hii alimwuliza Seche mwenyewe.

"Mguu unawasha," akasema Seche. "Na ninapenda stori."

Basi zikaja stori. Na muziki ukaja. Mtoto akala kona ya gazeti la ile faneli. Hakuna aliyeona.

Jioni Mama akarudi kutoka sokoni. Mwisho wa korido akaona viatu. Kandambili, makubadhi, viatu vya fundi, vyote mlangoni kwake! Akashtuka. Akakimbia na kapu lake. Mwanangu ana nini?

Akasukuma mlango, kwii.

Mpaa. Zii. Ko-ko. Ba! Na Seche anaimba kuliko wote.

Mama akaweka kapu chini. Akajifuta macho na ncha ya kilemba. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Haya, nani anakunywa chai?"

Wote walikunywa chai. Anko alikunywa vikombe vitatu, tusimseme.

Giza likaanza kuingia. Wageni wakavaa viatu.

"Kesho tunaanzia wapi?" akauliza Anko.

"Kesho muanzie Kigoma," akasema Seche.

"Na soksi yako hii?"

Seche akaangalia msumari. Msumari mtupu. "Kaa nayo. Imepata kazi."

Mama akapuliza taa. Akamfunika Seche blanketi, hogo na kila kitu. Mlango ukaachwa wazi kidogo.

Kizibo na kijiti wakalala ndani ya kandambili, bega kwa bega.

Na kule nje ya mlango, kwenye korido, Anko na Babu wakaanza tena. Polepole. Polepole sana.

Mpaa upande huu.
Zii upande huu.
Seche katikati, amelala.