Tangazo la Pili

Jumamosi ile barazani kwa Twalibu mwenye duka la nguo, mtaa wa Kanyenye mjini Tabora, hapakuwa na pa kutia mguu. Wanawake walikuwa wakigombania khanga mpya, mafundi wakikanyaga cherehani, na katikati ya vurugu hiyo Eustadia binti Jilala akapita na viatu vyake vya vumbi jekundu juu ya kitambaa cheupe kilichotandazwa sakafuni.

"Hiyo ni kanzu ya shehe," fundi mmoja akasema bila kuinua macho. "Utakwenda kumweleza wewe."

"Na wewe nani kakutuma utandaze nguo za watu njiani?"

Hapo fundi akainua macho. Alikuwa kijana mwembamba, shati jeupe mikono kaikunja, futi shingoni. Akalitazama gauni la buluu la chuo cha ualimu, lililopigwa pasi likanyooka, na mwenye gauni aliyekuwa kabana midomo kwa hasira.

"Nimekuja kushonewa koti," Eustadia akasema. "Zito."

"Koti, na jua hili?"

"Nakwenda Uingereza. Nitajifunza kazi mihula miwili katika shule ya watoto wao."

"Wazee wetu walibeba mizigo wakaishia pwani. Wewe pwani unaipita hivihivi." Akavua futi. "Naitwa Kasimiri. Simama wima nikupime, usiniangalie hivyo, nitakosea."

Eustadia alitaka kuendelea kukasirika, kicheko kikamtoka.

Koti lile lilishonwa, likafumuliwa, likashonwa tena, na hakuna aliyekuwa na haraka. Kila Jumamosi Eustadia alikwenda barazani kujizoeza somo lake la kuanzia huko ugenini, habari za wapagazi wa Kinyamwezi waliotoka Tabora kwenda pwani na pembe za ndovu mabegani. Kasimiri akawa mwanafunzi wa Kizungu, kakaa kwenye kigoda, kanyoosha mkono.

"Mwalimu, huko kwenu mnalala juu ya miti?"

"Tunalala vitandani. Kaa vizuri."

"Mwalimu, una mchumba?"

"Toka nje ya darasa langu."

Walipendana, nao hawakufichana. Lakini siku Eustadia alipomwuliza kama atamsubiri, Kasimiri akasema wanaokwenda huko hurudi watu wengine. Eustadia akalichukulia neno hilo kuwa ni wivu wa mapenzi, akacheka.

Jumapili iliyofuata, baada ya mahubiri, padri akasoma matangazo ya ndoa. "Tangazo la kwanza. Kasimiri, mwana wa Mahona, wa Kanyenye, na Eustadia, binti wa Jilala, wa Isikizya. Mwenye kujua kizuizi aje anieleze."

Upande wa wanawake vichwa vyote viligeuka. Mama aliyekaa karibu naye akamfinya paja, akamwita mama kwa Kinyamwezi. "Hongera, mayu, mbona umetuficha?"

Damu ilimpanda Eustadia mpaka masikioni. Yeye mwenyewe ndiyo kwanza anasikia.

Misa ilipokwisha, Sista mkuu wa chuo akamwita kando. Hakugomba, na afadhali angegomba. "Aliyetangazwa ndoa hatumpeleki. Nafasi yako nampa mwenzako Imakulata, isipokuwa tangazo liondolewe kabla Jumapili ijayo haijaisha. Na neno lako peke yako sitalikubali. Mwanamume mwenyewe aliondoe."

Kesho yake Eustadia aliingia barazani kwa Twalibu bila hata kusalimu.

"Umenifanya nini?"

Kasimiri alikuwa akitabasamu. "Nilitaka nikufurahishe, mpenzi. Tulikwenda Isikizya na baba. Mzee Jilala akapokea posa kwa mikono miwili, akamwambia padri binti ameridhika. Ndivyo watu wanavyofanya."

"Ndivyo wanavyofanya wakinunua mbuzi. Nafasi yangu imekwenda, Kasimiri. Sista hampeleki mchumba wa mtu."

Tabasamu likamfia. "Sikujua."

"Hukujua kwa sababu hukuniuliza. Koti umenipima mpaka nimechoka, ndoa hukunipima hata mara moja."

"Punguza sauti, watu wanasikia."

"Wasikie. Jana nimesomwa mbele ya kanisa zima, leo unaona haya ya baraza?"

"Niliogopa," Kasimiri akasema taratibu. "Nikasema nikikutangaza, utarudi kwangu."

"Basi nenda ukaliondoe, nafasi yangu irudi."

"Posa imekwisha pokelewa. Baba yangu atauweka wapi uso? Watu watasema nimekukuta na kasoro."

"Waache waseme."

"Eustadia, kwani hunipendi?"

"Nakupenda, na ndiyo maana natetemeka hivi. Ungekuwa mtu baki ningekucheka nikaenda zangu."

Wiki nzima Kasimiri hakwenda kwa padri. Eustadia alilala na hasira akaamka nayo. Alimkasirikia baba yake, akamkasirikia Sista, na Kasimiri ndiye aliyemchoma kuliko wote.

Jumapili ikafika. "Tangazo la pili," padri akasoma, na majina yakafuata yaleyale. "Mwenye kujua kizuizi—"

Eustadia akasimama.

"Ninacho kizuizi, padri. Sikuulizwa."

Mama wa karibu akamvuta gauni. "Kaa chini, mayu."

"Mambo hayo huletwa ofisini," padri akasema.

"Jina langu limesomwa hapa, padri. Baba yangu aliulizwa, baba yake aliulizwa. Mimi ninayeolewa hakuna aliyeniuliza."

Mzee Jilala, aliyekuja toka Isikizya kusikia jina lake likisomwa, akainamisha kichwa. Mtu akanong'ona kwamba huyu ameshakuwa Mzungu kabla hajapanda meli. Eustadia akatazama upande wa wanaume. Kasimiri alikuwa ameketi karibu na baba yake, na mzee kamshika mkono wa shati.

Kasimiri akautoa mkono wake, akasimama. "Anasema kweli. Mkosaji ni mimi. Naomba tangazo liondolewe."

Mzee Mahona akainuka, akatoka kwa mlango mkubwa bila kumtazama mwanawe.

Nje, watu wakiwapita na kugeuka nyuma, Kasimiri akamfuata. "Umenivua nguo mbele za watu."

"Wewe ulianza."

"Baba kasema nisikanyage kwake."

"Wangu nimempa shikamoo, hakuitika."

Wakasimama hivyo, wote wawili wamevimba kwa hasira. Kisha Kasimiri akasema, "Eustadia, unataka kuolewa na mimi?"

Swali hilo alikuwa amelingoja tangu siku za koti. "Leo sitaki," akajibu. "Leo nina hasira na wewe, na ukinioa nayo nitazeeka nayo. Acha niende. Siku nitakayorudi, uje stesheni uniulize tena."

"Na ukinijibu hutaki?"

"Utakuwa umejibiwa na mimi."

Eustadia akamshika mkono mbele ya wote waliokuwa wakitazama, akaubana mpaka ukamwuma. Kisha akauachia, akaenda kumtafuta Sista amdai nafasi yake.