Mafuta Yaliyoelea Mferejini

Kila Jumamosi asubuhi Eunike alifagia uwanja, akachota maji, kisha akampikia uji mdogo wake, Aminieli. Enzi hizo nchi ilitawaliwa na Waingereza, na akina Eunike walikaa kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu kidogo ya Kikatiti.

Jumamosi moja Aminieli alikuwa ndiyo kwanza amepona malaria. Eunike alikumbuka alivyofundishwa shuleni: mafuta ya taa ni mepesi kuliko maji, hutanda juu yake, na viluwiluwi vya mbu hukosa hewa. Basi akachukua chupa ya mafuta ya kuwashia taa nyumbani, akayamwaga yote katika dimbwi lililokuwa kando ya mfereji.

Alisahau jambo moja. Siku ile ilikuwa zamu ya Mzee Sumari, jirani wa chini, kupata maji ya kuoshea kahawa. Mara maji yakafunguliwa huko juu, mfereji ukajaa, dimbwi likafurika. Utando wenye rangi za upinde wa mvua ukaanza kuteremka polepole.

“Nyamaza tu,” alisema Kaanaeli, rafiki yake aliyekuja kuchota maji. “Nani atajua? Ukisema utachapwa.”

Eunike aliutazama ule utando. Aminieli alipozidiwa, Mzee Sumari ndiye aliyempakia kwenye baiskeli, akaisukuma njia nzima mpaka zahanati. Eunike akaiacha chupa pale pale, akakimbia.

“Shikamoo, babu,” alisema akihema. “Usiingize maji kwenye kahawa. Nimemwaga mafuta ya taa, yanakuja.”

“Marahaba.” Mzee aliziba kwa udongo njia ya kuingia kwenye birika lake la kuoshea kahawa. “Kahawa hushika harufu upesi, mjukuu wangu. Wakiinusa kule ushirika wataikataa yote. Na isipooshwa leo itaoza.”

“Mafuta hayachanganyiki na maji, babu,” Eunike alisema kwa sauti ndogo. “Yako juu tu.”

“Basi tutayakamata huko huko juu.”

Alikata mgomba, akaulaza kukingama mfereji, nusu ndani ya maji. Maji yakapita chini yake; mafuta yakabaki nyuma, yakikusanyika. Hapo Kaanaeli akatokea na mzigo wa majani makavu ya migomba.

“Umefika, mwenye kuogopa fimbo?” Eunike alimtania.

“Nyamaza, ushike huku,” alijibu Kaanaeli.

Walitandaza majani, yakanyonya mafuta. Wakayatoa, wakaweka mengine. Mzee aliyachoma yale machafu mbali na nyumba. Yalishika moto upesi, yakatoa moshi mweusi wenye masizi. Walingoja mpaka maji yakawa hayana rangi wala harufu, ndipo kahawa ikaoshwa. Mzee aliinusa kiganjani, akatabasamu.

Jioni alifika kwa mama yake Eunike, jembe begani, chupa mkononi.

“Asante, mjukuu wangu,” alimwambia Eunike.

“Lakini babu, mimi ndiye niliyemwaga.”

“Ndiyo. Ukakosea, nawe ukaja kuniambia wakati kosa bado linatengenezeka. Ungeficha, hata ule mgomba usingetusaidia. Kusema kweli mapema ndiko kulikookoa kahawa yangu.” Akamwonyesha jembe. “Lile dimbwi nimekwisha kulifukia. Mbu watafute pengine.”

Kisha akampa chupa, imejaa mafuta.

“Na haya,” alisema, “ni ya taa.”