Nilivaa Jina la Kaka wa Kavugho

"Wewe si mwanangu!"

Mama yule alinishika sikio, akalikunja, akachungulia nyuma yake.

"Hippolyte aliungua na uji hapa akiwa mdogo. Kovu liko wapi? Eeh? Liko wapi?!"

Nikautazama mlango...

Ndugu zangu, kabla hamjanihukumu, ngojeni niwaeleze nilifikaje kwenye chumba kile cha Kyebando.

Naitwa Pitshou. Mkongo, kinyozi hapa Kamwokya, mjini Kampala. Vita viliwamaliza watu wangu wote kule Beni. Uganda niliingia peke yangu.

Siku moja aliingia saluni dada mmoja, Santa, wa kikundi cha kanisa kinachotimiza matakwa ya watoto wagonjwa sana. Wengine huomba baiskeli, wengine kupanda ndege.

"Kuna binti Mkongo, Kavugho," alisema. "Ana miaka kumi na sita. Kansa ya damu. Madaktari wamemrudisha nyumbani. Anaomba kitu kimoja tu, amwone kaka yake aliyepotea walipokuwa wanakimbia vita. Anasema anafanya kazi hapa. Ni wewe?"

"Siyo mimi, dada. Mimi sina ndugu."

Machozi yakamlengalenga.

"Basi... kuwa yeye. Kidogo tu. Mama yake atakuwa sokoni."

Nilikataa. Akapiga magoti, jamani! Juu ya nywele za wateja!

Nikakubali.

Kule Kyebando, Kavugho alikuwa amelala godoroni, amebaki macho tu.

"Yaya Hippolyte... umekuya?" Yaya, kwetu Kongo, ni kaka mkubwa.

"Nimekuja, mdogo wangu."

Kumbe jina la mtu aliyepotea lina uzito hivyo! Nilihisi kuna mtu amesimama nyuma yangu, kimya, anangoja nimpishe.

Akaniuliza nakula wapi. Nikiugua, nani hunipikia uji? Nikashangaa... mbona haulizi hata kitu kimoja cha zamani?

Nilipotaka kuaga, akanikamata mkono. Vidole vya baridi!

"Usiende. Ngoja mama."

"Mama?!" Santa akaruka. "Si yuko sokoni?"

"Nimemtuma mtoto wa jirani akamwite."

Mlango ukafunguliwa... na hapo ndipo sikio langu lilipokamatwa.

Mama huyu, tangu afike Kampala, kila Mkongo mgeni alimsimamisha njiani: hamjamwona Hippolyte? Sasa ameambiwa amefika, amekuta mimi!

"Mnamchezea mtoto wangu anayekufa?!" alipiga kelele.

"Mama, mwache," Kavugho akasema. "Minajua si yeye."

Mama akaliachia sikio langu.

"Yaya alikufa, mama. Siku ile ile, pale mtoni. Maji yalimchukua mbele ya macho yangu. Nilikuambia ametangulia na wenzake kwa sababu ungekaa pale pale umngoje, na wenye bunduki walikuwa nyuma yetu."

Mama akaketi chini taratibu, kama mtu anayewekwa na mikono ya wengine.

"Na huyu?"

"Huyu nilimwona kanisani. Kila Jumapili yuko benchi la nyuma, peke yake. Nikauliza anafanya kazi wapi. Hafanani na Yaya hata kidogo."

"Sasa kwa nini, Kavugho?"

"Waliponiuliza natamani nini, nilijiuliza... nikienda, nani atakuita mama?"

Mnadhani mama alinikumbatia? Thubutu! Alinionyesha mlango kwa kidole.

"Toka."

Nikatoka.

Kavugho alifariki wiki ile ile.

Mazishini nilisimama mbali, karibu na wachimba kaburi. Ulipofika wakati wa kutupa udongo, mama aligeuka. Akapenya katikati ya watu, akanishika kiganja, akanivuta hadi ukingoni.

"Tupa," akasema.

Nikatupa.

"Tupa tena." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Huo ni wa Hippolyte. Yeye hakuzikwa."

Nikatupa tena. Udongo mwingine ukanimwagikia viatuni.

Siku hizi Jumapili nakula kwake. Namchotea maji, ananigombeza nikichelewa.

Ndugu zangu, mgonjwa akiwaambia anachotamani, msikilizeni hadi mwisho. Sisi tulijiona wema, tunampelekea binti anayekufa zawadi ya uongo... Kumbe yeye ndiye aliyekuwa anagawa zawadi.

Lakini nitawaambia ukweli. Kuna siku mama husahau, akaniita Hippolyte. Halafu hunyamaza, kijiko mkononi, anangoja.

Naitika.

Na kila nikiitika, nasikia kama tumeitika wawili.