Kibati Kimoja, Shingo Mbili

Asubuhi nyumbani kwao Chiriku ilianza kwa makelele. Mbwa wawili wa kahawia, Shaba na Kimbunga, waliubwekea ufagio kana kwamba ni mwizi. Mdogo wake, Kitinda, alilia kwamba kiatu kimepotea, kumbe amekivaa. Chiriku mwenyewe aliwashinda wote. Jina hilo hakupewa bure: aliweza kuongea hata akiwa na mswaki mdomoni.

Kabla ya kuketi kwenye cherehani yake, mama aliwakagua wote: kucha, kola za mashati, kisha shingo za mbwa. Hapo alitafuta kibati chenye mraba wa vidoadoa. Ukiumulika mraba huo kwa simu, unasoma jina la mbwa, namba ya mwenyewe, na kama amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa.

"Shaba anacho," mama alisema. "Na huyo Kimbunga?"

"Yuko uani, mama. Namleta sasa hivi!"

Chiriku alimvuta Shaba hadi nyuma ya nyumba, akamvua kibati, akamvisha Kimbunga. Kilikuwa kibati kimoja, shingo mbili, kama ndugu wanaopokezana sare moja ya shule.

Siku ya chanjo, mama alikuwa amemtuma awapeleke wote wawili kwa daktari wa mifugo. Njiani Chiriku akawakuta wenzake wakiruka kamba. Akamfunga Kimbunga kwenye mguu wa benchi, apate kuruka nao kidogo tu. Kimbunga naye hakutaka kulivunjia heshima jina lake: alikata kamba, akatokomea jalalani kwa mbwa wazururaji. Shaba akachanjwa peke yake; Kimbunga alirudi nyumbani jioni. Chiriku akaogopa kusema.

Mchana, baada ya ukaguzi ule wa asubuhi, Kitinda alimnyang'anya Kimbunga mfupa. Mbwa akanguruma. Kitinda naye akamngurumia. Kufumba na kufumbua, meno yalikuwa yamezama kwenye shavu la mguu wake.

Mama aliuosha mguu kwa sabuni na maji mengi ya bomba. Kisha akamvua Kimbunga kibati, akamfunga uani, akambeba mtoto mgongoni hadi zahanati. Chiriku aliwafuata nyuma, miguu ikiwa mizito kama ya kukopa.

Chumba cha matibabu kilinuka dawa. Ukutani palibandikwa picha ya mbwa anayetokwa na mate, na chini yake maandishi mekundu: KICHAA CHA MBWA HAKINA TIBA KIKISHAONYESHA DALILI. KIMBILIA CHANJO MAPEMA. Chiriku aliyasoma, akayarudia.

"Dada, mbwa wetu wana chanjo," mama alimwambia nesi, akimpa kibati.

Nesi alikimulika. Simu ikalia *ti!* "Shaba. Jike. Kahawia. Amechanjwa. Afadhali. Tutasafisha kidonda tena, tumwangalie mbwa kwa siku chache. Sindano za kichaa zinaweza kusubiri."

"Shaba?" mama alikunja uso. "Aliyemng'ata ni Kimbunga. Basi vibati vimebadilishana tu. Wote wamechanjwa."

Kitinda akashangilia. "Hakuna sindano!" Akampungia mkono yule mbwa wa ukutani.

Chiriku alimtazama mdogo wake akicheka. Akaona jalala, akaona wale mbwa wazururaji, akaona mate ya kwenye picha. Akisema, mama atamfanya nini? Asiposema, Kitinda je?

"Mbona umenyamaza?" mama aliuliza. "Wewe ukinyamaza ujue kuna jambo."

Nesi alikuwa tayari anafunga bandeji.

"Subiri!" Sauti ilimtoka kama ya mtu anayezama. "Kimbunga hajachanjwa, mama! Alinitoroka siku ile. Kibati ni cha Shaba, nilikuwa nawabadilishia. Na Kimbunga anashinda jalalani!"

Mama alishika ukingo wa meza. Nesi hakuuliza swali la pili. Alifungua jokofu, akatoa chanjo.

Kitinda alilia hadi mbwa wa mtaa wa pili wakamwitikia. Chiriku alimshika mkono, akalia kuliko yeye, wala hakuna aliyemchoma sindano.

"Ningekuchapa," mama alisema, "ila mikono yangu yenyewe haina nguvu."

Siku zilizofuata, Chiriku alirudi kutoka shule mbio, akamchungulia Kimbunga aliyefungwa uani. Anakula? Anakunywa maji? Akipiga mwayo tu, Chiriku alitoka jasho. Lakini muda wa uangalizi uliisha, na Kimbunga hakuwa na ugonjwa mwingine ila uroho. Daktari wa mifugo akamchanja, akampa kibati chake mwenyewe.

Kitinda alipokwenda kumalizia sindano zake, alimwuliza nesi, "Dada, na Chiriku naye avishwe kibati? Tukimmulika, tujue kama anasema kweli."

Nesi alicheka, kisha akamgeukia Chiriku.

"Kibati kinasema kile kilichoambiwa, mwanangu. Hakina macho ya kuona kimevikwa shingo ya nani. Siku ile mimi nilikiamini, mama yako alikiamini. Katika chumba kile kizima, aliyejua ukweli ni wewe peke yako. Ukiogopa, ogopa, hata mimi huogopa. Lakini sema huku unatetemeka. Kutetemeka kunapona."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Kisha akamkunjia Kitinda mkono wa shati kwa ajili ya sindano ya mwisho.