Uzi Chini ya Jiwe la Pembe

Nyumba iliyojengwa juu ya chuki haikosi mpangaji, na mpangaji huyo halipi wala hahami.

Mambo ya Maruso, mwenye nyumba ya wageni ufukweni, yalianza na picha tu. Mtalii mmoja, mwanamke aliyeiva jua akawa mwekundu kama kaa wa kuchemsha, aliingia barazani na simu yake mkononi.

"Mama, tazama! Leo Argiro katupeleka kuona vinu vya upepo!"

Picha nzuri. Watalii wamejipanga mbele ya ukuta mweupe, jua la asubuhi linawapiga usoni, na vivuli vyao vimesimama ukutani nyuma yao, mpaka cha yule mwenye kofia pana. Argiro, binti pekee wa Maruso, yuko katikati anacheka. Nyuma yake ukuta mtupu. Mweupe pe.

Sinia ya kahawa ikamponyoka Maruso.

"Jicho baya hilo," akajisemea, akajitemea kifuani, tfu, tfu, tfu. Lakini moyo wake ulijua kuwa si jicho.

Maana ugomvi ulikuwapo wa zamani. Baba yao alipogawa mali, dada mkubwa Sevasti alipewa nyumba ya mlimani na shamba la mizabibu. Maruso akatupiwa mchanga wa ufukweni, hata mbuzi waliukataa. "Kapande kokoto, mdogo wangu," Sevasti alimcheka. Haya, meli za watalii zikaja. Mizabibu ikabaki mizabibu, mchanga ukawa dhahabu. Sasa Sevasti akataka mali igawanywe upya, na kila Jumapili nje ya kanisa alikuwa akimwita mdogo wake mwizi.

Kisiwani kwao, jua likifika kichwani, maduka hufungwa, watu hulala, na mbwa hujibanza kwenye vivuli vya kuta. Watalii tu ndio hubaki mchangani wakijichoma. Saa hiyo kila kitu kinanyamaza, na wazee husema si saa ya mwanadamu.

Ndiyo saa Maruso aliyoanza kusikia ndala. Pata, pata, pata, zinapita barazani mbele ya vyumba vipya, na funguo zinalia kiunoni. Mwendo wa Argiro kabisa. Maruso akachungulia dirishani. Argiro yuko kitandani, kalala.

Siku ya pili, ndala tena. Maruso akatoka miguu mitupu, akaufuata ule mlio kwenye baraza tupu yenye jua kali, mlio unatangulia yeye anafuata, pua yake ikajaa harufu ya chokaa mbichi, na chokaa ya nyumba ile ilishakauka tangu masika, akafuata mpaka chumba cha mwisho, cha pembeni, na pale mlio ukaingia ardhini, pata, pata, kama mtu anayeshuka ngazi, na ngazi hapana, na chini ya sakafu kitu kikavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyechoka kungoja.

Akarudi mbio kumwamsha binti. Nyayo za Argiro zilikuwa nyeupe, zimelowa chokaa. Mwili baridi kama samaki wa jana.

"Mama," Argiro akanong'ona, "kuna mtu chini ananiita. Anasema kitanda changu kiko tayari."

"Usimjibu, mwanangu. Usimjibu!"

"Nilishaitika jana."

Maruso hakungoja kusikia zaidi. Alimfuata mkahawani fundi Pandeli, aliyejenga vile vyumba vipya, akamkuta peke yake na glasi yake.

"Pandeli, ulipima nini siku ile?"

Fundi akatazama mlangoni kwanza. "Ulichoniagiza. We mwanamke, usinitoe kinywani maneno watu wote wasikie."

Kwao msingi unataka damu. Jogoo anachinjwa kwenye jiwe la pembe, basi, nyumba imeshiba. Lakini fundi mwenye roho ngumu anaweza kumwacha jogoo, akapima kivuli cha mtu kwa uzi, uzi ule akauzika chini ya jiwe. Mwenye kivuli huyo hamalizi mwaka. Anakufa, anakuwa jini la nyumba ile, anailinda milele. Na asubuhi ya kuweka msingi, Sevasti alikuja kutukana mbele ya mafundi. Maruso, hasira zimempanda, akamnong'oneza Pandeli: pima.

"Nilikwambia Sevasti!" Maruso akasema.

"Na Sevasti alikuwa anapiga kelele, bintiyo akaja kumkumbatia ampoze. Hukumbuki? Jua lilikuwa chini bado. Kivuli kilikuwa kimoja, Maruso. Mie nilipima mpaka ncha. Sasa Argiro ni mrefu, na shangingi dadako ni mfupi. Ncha ilikuwa ya nani?"

Maruso akakaa chini sakafuni, mkahawani hapo hapo.

"Fukua uzi huo!"

"Nitafukua. Ila jiwe halikubali mkono mtupu. Kitatoka kivuli, kitaingia kivuli."

Kesho yake jua linachomoza, Pandeli alikuwa amekwisha kuvunja sakafu ya chumba cha pembeni na kuchimba. Maruso alisimama nje ya mlango, kitambaa cheusi kichwani, kivuli chake kimeingia ndani mpaka shimoni. Mara sauti kutoka njiani: "Mwizi we!" Sevasti huyo, anahema, fimbo mkononi. Pandeli na ulimi wake wa kilevi alikuwa amemweleza yote.

"Ulitaka kuniua mimi, nyoka we?"

"Ndiyo, dada."

"Kwa mchanga?"

"Kwa mchanga. Na kwa vile ulivyonicheka."

 Sevasti akamsukuma kwa bega. "Toka hapo. Uzi ulikuwa wangu. Pandeli, pima mie, nimeshakula chumvi nyingi."

"Huo mchanga ni wangu, Sevasti! Hata shimo lake hupati!"

"Mchoyo mpaka wa kaburi!"

Wakasukumana pale mlangoni, bibi wawili wenye mvi, wanalia na kutukanana, mpaka Maruso akampiga dadake kumbo akaanguka kando. "Pima sasa!" Pandeli akapima. Uzi mpya ukashuka, wa zamani ukatoka, umelowa, unanuka chokaa, na ukatikisika mkononi mwake kama mshipa.

Argiro aliamka akataka mkate na zeituni. Alipotoka juani, kivuli chake kikatoka naye.

Maruso hakufika mavuno ya zeituni. Alizikwa mlimani, kaburi la baba yao, upande ambao Sevasti alijitakia mwenyewe.

Wageni bado wanakuja. Argiro anawapeleka kwenye vinu, mapangoni, kwenye fukwe za upande wa pili. Wanasifu usafi wa baraza. Wanauliza ni nani huyo anayefagia mchana wakati watu wamelala, kwaru, kwaru, kwaru, na kwa nini vyumba vinanukia chokaa.

Argiro anawaongezea kahawa. Ila Sevasti, kila mchana, anateremka na fimbo yake, anakaa kwenye kizingiti cha chumba cha pembeni, vikombe viwili vya kahawa miguuni.

"Umeacha kokoto hapa, mvivu we," anasema. "Njoo basi tugombane."

Ufagio unanyamaza. Na ukutani, kando ya kivuli cha Sevasti, kivuli kingine kinajikunja taratibu, kinakaa.