Chuma cha Kutafutia Bomba

Haya yalimpata rafiki yetu Phanuel, fundi wa maji pale Malaba, mwaka wa sitini na sita. Bomba la zahanati lilikuwa limepasuka ardhini, wagonjwa hawana maji, na hakuna aliyekumbuka lilipopita. Phanuel alichoma udongo kwa nondo, ikapinda. Akajaribu chuma chenye ncha kali, kikanasa kwenye mizizi.

"Fundi, bado tu?" aliuliza Roselida, muuguzi.

"Dada, hivi vyuma ni takataka!"

Mwishowe mhunzi wa Amukura akamtengenezea kingine kinene, chenye mpini wa mikono miwili na ncha butu isiyotoboa bomba. Siku hiyo mawingu ya mvua yalileta giza mapema. Phanuel alipiga magoti, akakididimiza chuma mpaka kikalia ng'! Akashusha pumzi. Alipotaka kukichomoa, kikakataa. Akavuta mpaka viganja vikachubuka.

"Niachilie basi!" akafoka, akaachia mpini afute jasho.

Hapo akasikia udongo ukisagika chini, na chuma kikaanza kupanda chenyewe, polepole, kikisukumwa kutoka chini, mpaka mpini ukamgusa kifuani.