Mbegu za Louise na Kuku wa Nuru

Louise aliamka akiwa amechoka. Mtu akiamka amechoka, siku nzima inamwelemea.

Aliteka maji. Akawasha moto. Akamkorogea uji mdogo wake, Sidonie, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kike. Sidonie alikuja kuzalia kwa dada yake, kwa sababu mume wake alikuwa mbali, kwenye machimbo ya madini. Kisha Louise akachukua jembe, akafuata njia ya shamba la pamba.

Hizo zilikuwa siku za utawala wa Wabeleji. Kila nyumba kando ya barabara ya Kasongo na Kabambare ilikuwa na shamba lake la pamba, upende usipende. Kapita, msimamizi wa serikali, alipita kukagua. Palizi ikichelewa, jina lako linaitwa mbele za watu. Octave, mume wa Louise, alikuwa kwenye kazi ya barabara. Kwa hiyo pamba yote ilikaa juu ya mgongo wa Louise.

Jua lilipokuwa kali alirudi nyumbani. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, kwenye bustani yake ndogo. Hapo akasimama, jembe begani.

Kitalu kilikuwa kimejaa kuku. Wengine walichakura. Mmoja alijilaza katikati, anaoga vumbi kama yuko kwake.

“Shii! Tokeni! Shii!”

Kuku wakatawanyika. Lakini kazi yao ilikuwa imekwisha. Mbegu za lengalenga, yaani mchicha, za tomati, za bilinganya, zote zilikuwa zimefukuliwa. Miche michache iliyokuwa imechomoza ililala chini, mizizi juu. Pembeni, mbuzi alikuwa amepita na kuacha alama za kwato.

Hii ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza ni ndege wadogo waliomaliza kila kitu.

Sidonie alitoka ndani, mtoto kifuani.

“Dada, zimeisha tena?”

“Zimeisha.”

“Zote?”

“Tazama mwenyewe. Mimi macho yangu yamechoka kutazama.”

Sidonie alimpa mtoto titi. Mtoto alinyonya kidogo, akaacha, akalia. Maziwa yalikuwa machache. Munganga wa dispanseri alikuwa amemwambia Sidonie: kunywa maji mengi, mpe mtoto titi mara nyingi, na ule vizuri, samaki, maharagwe, na mboga za namna nyingi. Lakini nyumbani kulikuwa na sombe tu, majani ya muhogo. Sombe mchana, sombe jioni. Tumbo la Sidonie lilikuwa limeikataa. Alimeza tonge moja, akasukuma sahani.

Sasa Louise alibaki na mbegu kidogo tu. Alikuwa amezifunga kwenye ncha ya kitambaa. Mama yake alimpa siku Louise alipotoka kwao Wamaza. Kiangazi kilikuwa karibu. Hizo zikipotea, hakuna mboga nyingine mpaka mvua irudi. Na mtoto hawezi kungoja mvua.

Louise alijua nani wa kumlaumu. Alimlaumu Nuru.

Nuru alikuwa jirani yao. Alizaliwa Kasongo mjini, kwenye familia ya Waislamu wa zamani. Mume wake, Abedi, aliuza chumvi na vitambaa. Nyumba ya Nuru haikukosa watu. Aliyetoka Nyangwe na samaki alipita kwa Nuru. Aliyekwenda Kabambare kwenye kesi alilala kwa Nuru. Habari zilifika pale kabla hazijatokea. Na kwa kuwa wageni wanataka kula, Nuru alifuga kuku wengi. Ajabu ni kwamba bustani yake mwenyewe ilikuwa ya kijani mwaka mzima. Watu walisema mengi. “Kuku wa Nuru wanalala kwake, wanakula kwa wenzake.” Wengine walisema ana dawa.

Louise alikwenda na jembe lake lile lile begani.

“Mama Nuru! Kuku wako wamekula mbegu zangu!”

Wageni kwenye baraza wakatega masikio. Maneno ya namna hiyo ni matamu kwa mgeni. Nuru alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

“Salamu kwanza, mudogo wangu. Umeamukaje?”

“Nimeamuka vibaya.”

“Naona. Hata jembe limeamuka vibaya.”

Wageni wakacheka. Louise hakucheka. Alitaka kusema neno kali, likatoka jingine.

“Mutoto wa Sidonie iko analia njaa.”

Nuru akaweka ungo chini. Mzaha ukaisha usoni mwake.

“Twende tuone,” alisema.

Njiani alimkamata kuku mmoja mwekundu, akambana kwapani. “Huyu ndiye mushitakiwa. Tutamuuliza mwenyewe.”

Walipofika bustanini, Nuru alichuchumaa. Alichota kiganja cha vitu vilivyofunika kitalu.

“Hii ni nini?”

“Makapi ya mpunga.”

“Nani alikuambia uyatandike hapa?”

“Kila mutu anatandika. Mama yangu alitandika. Tukipepeta mpunga, makapi tunamwaga juu ya kitalu, udongo usikauke.”

“Na mimi nilitandika hivyo miaka mingi. Sasa angalia.”

Nuru alisugua makapi mikononi, akapuliza. Maganda yakaruka. Kiganjani zikabaki punje: nyingine zimevunjika, nyingine nyembamba, lakini ni mpunga.

“Hapa iko chakula,” alisema. “Kuku haulizi kama ni kingi.”

Alifagia makapi kwa mkono upande mmoja wa kitalu, udongo ukabaki wazi. Upande wa pili aliyaacha. Kisha akamweka kuku chini katikati. Kuku alijikung’uta, akatazama huku na huku. Halafu akakimbilia penye makapi. Akachakura kwa mguu wa kulia, akachakura kwa wa kushoto, udongo ukaruka nyuma yake. Upande ulio wazi hakuugusa.

“Umeona?” alisema Nuru. “Mbegu ya lengalenga ni kama vumbi. Kuku hakuja kwa ajili yake. Anatafuta mpunga. Lakini akichakura, mbegu yako inatoka, inakauka, inakufa. Na ndege ni vilevile. Wakiisha kuzoea kushuka hapa kwa mpunga, siku miche inapochomoza wanaila. Unawatandikia meza, halafu unawafukuza.”

Louise alikaa chini juu ya udongo. “Basi ni mimi mwenyewe.”

“Ni sisi wote, watu wa inchi ya mpunga. Na kuku wangu si watakatifu, nitakuwa nawafungia asubuhi. Lakini iko kuku wa wengine. Iko mbuzi. Iko panya. Ndege nao, nani atawafunga?”

“Mama Nuru, mimi nimechoka. Kusimama hapa kutwa nikifukuza ndege siwezi. Pamba inaningoja.”

“Ndiyo maana usisimame. Mutu anachoka. Uzio hauchoki.”

Jioni Octave alirudi kutoka barabarani. Mikono yake ilikuwa imejaa malengelenge. Alisikiliza habari ya uzio akiwa amelala chali kwenye mkeka.

“Mchana kutwa nimechimba barabara ya Leta, ya serikali,” alisema. “Sasa nichimbe barabara ya kuku?”

“Shemeji,” alisema Sidonie kwa sauti ndogo, “mutoto hajashiba tangu jana.”

Octave aliinuka, akaketi. Kisha akauliza, “Matete yanakatwa wapi?”

Siku ya Mungu, baada ya misa, walianza. Nuru alikuja na wageni wake wawili, kwa sababu kwake mgeni akishiba anapewa kazi.

Kwanza walitengeneza kitalu cha juu. Octave alisimika miti yenye panda, akaweka juu yake mianzi iliyopasuliwa. Kitalu kikafika kiunoni, kama meza. Juu ya mianzi walitandika maganda ya migomba, kisha udongo laini uliochanganywa na samadi ya zamani.

“Kuku akiwa chini na kitalu kiko juu, hawezi kuchakura,” alisema Nuru.

“Anaruka,” alisema Octave.

“Ndiyo, anaruka. Ngoja kidogo, shemeji. Wewe unataka kusikia mwisho wa habari kabla ya mwanzo.”

Kwenye kila mguu wa kitalu walizungusha bati la kopo la zamani, ili panya akipanda ateleze. Wakafyeka majani yote chini, maana panya hapendi kupita penye wazi.

Kisha wakafika kwenye mbegu. Louise alifungua fundo la kitambaa. Akazitazama.

“Tukikosea, hakuna nyingine,” alisema.

“Basi tusizimwage zote,” alisema Nuru. “Nusu leo. Nusu ibaki kwenye fundo. Mutu mwenye akili hapandi mbegu zote siku moja.”

Walichanganya mbegu na mchanga mkavu ili zisianguke mahali pamoja. Louise alichora mistari kwa kidole, akamwaga polepole, akafunika kwa udongo kidogo, akabonyeza kwa kiganja. Akanyunyiza maji kwa mkono. Juu yake wakaweka nyasi kavu, safi. Nuru alizikung’uta kwanza mbele ya macho yao, kuonyesha kwamba hazina punje.

“Miche ikianza kuchomoza, nyasi hizi uzitoe upesi, isije ikapinda. Lakini kifuniko hiki usikitoe bado.”

Alionyesha fito nyembamba. Walizipinda kama upinde juu ya kitalu, wakalaza juu yake makuti ya mangazi, yaani michikichi. Jua lilipita kidogo kidogo katikati ya makuti. Kuku na ndege hawakupata pa kupita.

“Sasa aruke,” Nuru alimwambia Octave.

Octave akacheka, mara ya kwanza tangu kazi ya barabara ianze.

Uzio ulikuwa kazi nzito. Walichimba mfereji kuzunguka bustani yote, wakapanga matete humo, moja karibu na jingine, wakafunga kwa kamba za miti. Chini wakafukia udongo na kuushindilia, ili kuku asijipenyeze. Giza lilipokaribia, mlango tu ndio ulikuwa haujakamilika. Octave alisimamisha matete machache pale, bila kuyafunga.

“Inatosha,” alisema. “Mgongo unaniuma.”

Hakuna aliyembishia. Migongo yote ilikuwa inauma.

Mbegu ziliota. Louise alitoa nyasi, akaacha makuti. Kila alipotoka kwenye pamba alikwenda kuangalia, akitegemea kuona mabaya. Aliona mistari ya kijani. Miche ilipopata nguvu, alianza kuondoa makuti kidogo, mchana, ndege wanapopumzika. Asubuhi na jioni, wakati ndege wanakula sana, aliyarudisha. Hivyo miche ikazoea jua.

Ikafika siku ya kuihamisha chini, ndani ya uzio. Kesho yake mbuzi akaingia. Aliyasukuma matete ya mlangoni kwa kichwa, akala mstari mzima wa lengalenga.

Louise alikaa kwenye kizingiti cha jiko, mikono mapajani. Octave alitazama mlango, akatazama mke wake. Hakusubiri kuambiwa. Alikwenda kukata mianzi, akasuka mlango wa kweli, akauwekea kipingo.

Nuru aliposikia, na alisikia upesi, alikuja na shauri jingine.

“Chukua mavi ya mbuzi, uyavuruge na maji. Unyunyize kwenye uzio, nje. Si kwenye mboga, hizo ni za kula! Kwenye uzio. Mvua ikiyaosha, rudia. Mbuzi hapendi kula penye harufu ya mavi yake. Hata yeye iko na adabu.”

“Na ile nusu ya mbegu?” aliuliza Louise.

“Iko wapi?”

“Bado iko kwenye fundo.”

“Basi mbuzi amekula mstari, hakula bustani. Pandeni tena.”

Wakapanda tena kwenye kitalu cha juu. Makapi ya mpunga sasa Louise aliyapeleka mbali, upande wa pili wa nyumba, karibu na njia. Kuku wote wa kijiji wakahamia huko. Walichakura mpaka wakachoka, na hakuna aliyewafukuza.

Kiangazi kilipokolea, majirani walikuwa wanalalamika kwamba hawana mboga. Kwa Louise lengalenga ilikuwa inafika magotini. Bilinganya zilikuwa zimening’inia. Aliteka maji kijitoni jioni, akamwagilia, akafunga mlango, akaenda zake.

Sidonie alikula lengalenga kwa samaki wa Nyangwe na mafuta ya mangazi. Akaomba nyingine. Alikula leo, akala kesho, na kila mtoto alipotaka titi alimpa. Nguvu zilimrudia, na maziwa yakaongezeka. Mtoto alijaa mashavu, akaanza kulala mchana bila kushtuka. Munganga alipompima mtoto alimwambia Sidonie, “Endelea hivyohivyo.”

Wanawake wa kando ya barabara walianza kuja kuangalia kitalu cha juu. Waliomba mbegu, Louise akawapa. Walipouliza dawa ya Nuru ni ipi, aliwaambia, “Pepeteni mpunga wenu mbali na bustani. Halafu njooni niwaonyeshe.”

Pamba haikupungua. Kapita aliendelea kupita. Siku moja Louise alirudi kutoka shambani na jua kali. Sidonie alikuwa amepika. Nuru alikuwepo, na wageni wake, na Octave, na kelele nyingi uani. Louise akanawa mikono, akaketi, akachukua tonge la kwanza.

Nuru alikuwa katikati ya habari moja ndefu, ya mtu mmoja wa Kabambare na mke wa mwenzake. Mara akasimama.

“Eh! Mwenye nyumba hanisikilizi.”

Wakageuka. Louise alikuwa amelala, ameegemea ukuta, tonge la mboga bado mkononi.

“Nimuamushe?” aliuliza Sidonie.

“Umuache,” alisema Octave. Aliinuka, akaenda kuangalia kipingo cha mlango wa bustani, akarudi. “Umuache alale. Mlango umefungwa.”